Kurasa za Baba, Karatasi za Njugu

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu Alhamisi ile ulipofunga kamba za kiatu kimoja na usifike kwa cha pili. Mama anasema chai yako ilikuwa ingali inatoa mvuke mezani. Nyumba yetu ya Makongeni iko vilevile ulivyoiacha. Kofia yako bado inaning'inia kwenye msumari. Mugo aliitoa siku moja akitaka kupaka ukuta rangi, Mama akamwangalia tu, naye akairudisha.

Kumbukumbu za watu wengine huwa fupi. Picha, tarehe mbili, mstari wa Biblia, basi. Yako imekuwa ndefu kwa sababu kuna jambo halijasemwa. Mirriam, kitinda mimba wako, ndiye aliyeomba tuliandike, na tulibandike kwenye mlango wa kibanda chako pale soko la Jericho, mahali wateja wako watakapolisoma. Kalamu ameishika Jacklyne. Alipompa Mirriam, Mirriam aliirudisha. "Andika wewe," alisema. "Mimi nikiandika nitajitetea." Kwa hivyo Jacklyne anaandika na Mirriam amekaa hapa kando yake, anasoma kila mstari, na pale tunapompunguzia anatikisa kichwa. Wewe unaujua ulimi wa Jacklyne. Hakuna atakayepunguziwa sana.

Lakini tuanze na wewe. Wapo watakaopita tu hapo sokoni wakasimama kusoma bila kukujua. Wewe ni Bedan Mbuthia, karani wa stoo ya reli kwa miaka thelathini na moja, na baada ya kustaafu, muuza vitabu vya watoto wadogo. Si vitabu vya shule, si Biblia, si kalenda. Vitabu vya picha na vile vya watoto wanaoanza kusoma, vingi vikiwa vya mitumba, ulivyovitoa Gikomba vikiwa vimechanika, ukavibandika kwa gundi ya karatasi jioni baada ya jioni huku miwani yako imefungwa kwa uzi. Tulikucheka. Mugo alitaka umwachie kibanda atengenezee simu, na Jacklyne alikuambia kwamba umri wako si wa kukaa chini na kamasi za watoto wa watu. Tusijifanye watakatifu leo kwa sababu aliyekosa zaidi ni mwingine.

Na biashara yenyewe ulivyoifanya, jamani. Mzazi alifika na haraka zake, "Mzee, nipe kitabu kizuri cha mtoto wa miaka mitano." Wewe ulimwuliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Kama hakuja naye, ulimrudisha nyumbani akamlete. Mugo alisema wewe ndiwe mfanyabiashara wa pekee Jericho nzima anayewanyima watu bidhaa. Mtoto akija, ulimkalisha kwenye kreti ya soda iliyotandikwa gunia, ukampangusa mikono kwa kitambaa kibichi, ukamwekea vitabu vitatu mapajani. Kisha ulimgeukia mzazi ukamwambia maneno yale ambayo soko zima linayajua: "Sasa wewe, funga mdomo."

Hukutazama macho ya mtoto. Ulitazama mikono. Kitabu kisichomfaa alikipekua haraka kufika mwisho, kama mtu anayetafuta mlango. Lakini mahali fulani mkono ulisita, ukaenda mbele ukurasa mmoja, kisha ukarudi nyuma. Hapo ulitabasamu. "Akirudisha ukurasa, usitafute tena," ulisema. "Hicho ni chake." Ulitoa penseli nyuma ya sikio ukaandika ndani ya jalada la nyuma jina la mtoto na ukurasa aliourudia.

Falis, mwenye duka la vitambaa mkabala na kibanda chako, alikulalamikia kwamba umempa binti yake Nimco kitabu cha theluji. "Theluji ataiona wapi huyu, mzee? Hapa Jericho?" Ukamjibu, "Mimi sikumpa. Ameirudia mara nne." Na pale ndani ya jalada ukaandika: Nimco, ukurasa wa theluji mlangoni.

Ulikuwa na maneno yako kuhusu picha pia. Kitabu kikisema mbuzi yuko juu ya paa, na picha ikaonyesha mbuzi juu ya paa na hakuna zaidi, ulisema mtoto ameambiwa mara mbili kama kiziwi. Lakini picha ikionyesha pembeni kamba ya nguo, na shati moja halipo, hapo mtoto atauliza nani amekula shati. "Hapo amepata kazi ya kufanya," ulisema. "Maneno yatamfuata mwenyewe." Tulikusikia ukisema hivyo mara mia na hatukusikiliza hata mara moja.

Mirriam alikusikiliza, mwanzoni. Alipofungua darasa lake la chekechea, vyumba viwili vya kukodi hapohapo Jericho, ulifunga kibanda kila Jumanne ukaenda kukaa na watoto wake. Ilikuchukua miezi minne. Watoto arobaini na mmoja, Nimco akiwa mmoja wao, vitabu arobaini na kimoja, kila kimoja na jina lake na ukurasa wake. Wa mwisho alikuwa Kate, mjukuu wako aliyekuita Guka, binti ya Mirriam mwenyewe, na Kate alirudia ukurasa wa mbuzi juu ya paa. Ulicheka siku hiyo mpaka ukavua miwani. Vitabu ulivipanga kwenye sanduku la mbao, ukambebea mwalimu mpaka mezani pake.

Muhula wa pili wazazi wakaitana mkutano. Mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, watoto wa shule ya kule ng'ambo wanabeba vitabu vinene. Wangu akirudi nyumbani ananiambia habari za kuku. Sasa hii ni shule ama ni mchezo?" Wengine waliitikia kwa vichwa. Wiki hiyohiyo watoto wawili walihamishwa. Mirriam aliogopa. Kuogopa si dhambi, na Jacklyne ameng'ang'ania kuliandika hilo ingawa Mirriam ametikisa kichwa.

Alinunua vitabu vinene. Maandishi madogo, picha moja kila baada ya kurasa nyingi, watoto wakavibeba vifuani kama matofali. Sanduku lako likawa halina mahali. Jumamosi asubuhi alipita yule mnunuzi wa karatasi kuukuu na mkokoteni wake, Mirriam akamwita. Alipima vitabu vyako kwa ratili, akavimwaga kwenye gunia, akaenda zake. Mirriam hakufungua hata kimoja. Hata cha mtoto wake hakukitoa.

Angeweza kukurudishia, Baba. Kibanda chako kilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo. Anasema alilifikiria hilo, na ndiyo sababu hakulifanya, maana ungeviona vimerudi ungeuliza kwa nini, na hakutaka kuulizwa. Alitaka tu viondoke bila maneno.

Lakini uliuliza. Jumanne iliyofuata ulifika darasani na kitambaa chako cha kupangusia mikono, ukakuta meza tupu na watoto wamejificha nyuma ya matofali yao. "Vitabu vimekwenda wapi?" ukauliza. Mirriam, bila kupepesa macho, akakujibu, "Viko stoo, Baba. Viko salama." Darasa la Mirriam halina stoo. Wewe uliyekuwa karani wa stoo miaka thelathini na moja, uliyekaa kwenye vyumba vile viwili miezi minne, ulitazama ukuta hadi ukuta, ukakunja kitambaa chako ukakitia mfukoni.

Kisha ikaja Jumapili ile. Mirriam alikuja Makongeni na Kate baada ya kanisa. Ulikuwa umenunua njugu kama ilivyokuwa desturi yako kila siku, njugu za Kitonga wa kona ya soko, zilizofungwa kwenye karatasi. Ulizimwaga kwenye sahani. Halafu ile karatasi hukuitupa. Uliitandaza mezani, mbele ya kiti cha Mirriam, ukainyoosha kwa kiganja.

Alikuwa mbuzi juu ya paa la mabati. Kamba ya nguo pembeni, pengo mahali pa shati, na kwenye kona kipande cha gundi ya karatasi ulichokibandika kwa mikono yako. Mirriam aliujua ukurasa ule na alimjua mwenye ukurasa, aliyekuwa ameketi pale pale akichambua njugu. Mama akaleta chai. Mirriam akapokea kikombe chake, akakiweka juu ya mbuzi.

Wewe ulikuwa unamtazama. Ulingoja. Mama alikuwa amesimama na birika mkononi, naye alingoja. Halafu ukamwuliza Mirriam taratibu, ukimwita Mama kama ulivyomwita siku zote kwa kuwa ana jina la mama yako, "Mama, vile vitabu bado viko stoo?"

"Viko, Baba."

"Haya. Kunywa chai, inapoa."

Akanywa. Mkasemezana habari za mvua na za kanisa. Njiani akirudi Jericho alijiambia kwamba ilikuwa bahati mbaya tu, kwamba mzee wa miaka sabini na mbili hawezi kukumbuka kurasa zote alizowahi kubandika, kwamba wiki ijayo atakuja peke yake akueleze vizuri. Wiki ijayo haikuwa na wewe. Alhamisi Mama alitupigia simu.

Kwenye mazishi, Mirriam ndiye aliyesoma wasifu. Akasimama mbele ya watu akasema vitabu ulivyowachagulia watoto wake atavitunza kama alivyokutunza wewe. Watu wakaitikia amina. Mama alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Tulidhani ni huzuni.

Tangu hapo, Baba, Mirriam hakupita mbele ya kibanda chako. Alizunguka nyuma ya soko, penye matope, miezi kumi. Na Kate akawa mtoto wa ajabu mbele ya vitabu. Yuko Gredi ya Kwanza sasa. Akiwekewa kitabu, anatazama mdomo wa mama yake, si ukurasa. Mirriam akianza neno, Kate analimalizia. Mirriam akinyamaza, Kate naye ananyamaza. Vile vitabu vinene vilimfundisha kwamba kusoma ni kubahatisha anachotaka mtu mzima, na mama yake ndiye aliyempa kitabu cha kwanza kinene. Mwalimu wa watoto wa watu akawa hawezi kumwambia wake asome mstari mmoja.

Miezi miwili iliyopita Mugo alitaka kibanda kipangishwe. Tukasema Mirriam ndiye mtu wa vitabu, yeye akakifungue, avitoe. Hatukujua tunamtuma wapi. Alienda na funguo, akafungua, akaanza na kreti ya watoto, akaliinua lile gunia. Chini yake kulikuwa na faili yako ya reli, ile ya kijani, na daftari.

Ndani ya faili kulikuwa na kurasa. Kurasa za vitabu vya watoto, zenye mafuta ya njugu, zenye mikunjo ya pembe, zimenyooshwa na kupangwa kwa kufuata kitabu zilikotoka. Ya juu kabisa ilikuwa ya mbuzi, na katikati ya paa lake kulikuwa na duara la kahawia, la tako la kikombe cha chai.

Kwenye daftari, kwa mwandiko ule wako wa karani, kulikuwa na majina arobaini na moja. Jina, ukurasa, na pembeni ya baadhi umeandika "kimepatikana". Mirriam alihesabu kumi na tisa. Nimco, ukurasa wa theluji mlangoni: kimepatikana. Majina mengine ishirini na moja yalikuwa na nafasi tupu. Jina la mwisho, la Kate, halikuwa na nafasi tupu wala halikuwa na "kimepatikana". Uliandika: Huyu namwachia mama yake.

Alikaa kwenye kreti akalia mpaka Falis akavuka kutoka dukani. Falis alidhani ni msiba umemrudia. "Pole, Mwalimu," alimwambia. "Mzee alikuwa mtu. Siku zile za mwisho alimletea Nimco kitabu kingine cha theluji, akasema cha kwanza kimechakaa. Nikamwuliza mbona unatokwa jasho hivi, akasema ametoka Gikomba kwa miguu."

"Hakukuambia nani alikichakaza?"

"Hakusema. Ni nani?"

Hapo ndipo Mirriam alipolisema kwa mara ya kwanza. "Ni mimi. Niliviuza vyote kwa mwenye mkokoteni."

Falis akarekebisha mtandio wake. "Basi ile pole niliyokupa ni ya mzee," akasema. "Yako nitakupa siku nyingine."

Mirriam akamfuata Kitonga kwenye kona yake. Kitonga alikumbuka vizuri. "Mzee alikuja na rundo la magazeti, akaniambia tubadilishane karatasi. Nikamwambia, buda, hizi zangu nimezinunua kwa mwenye mkokoteni, ni za kufungia njugu tu, picha za watoto hizi utafanyia nini? Akaniambia zina wenyewe. Akawa anakuja kila jioni kuangalia kama kuna zingine. Zile zilizokuwa zimeshauzwa na njugu, alikuwa anawauliza wateja wamezitupa wapi." Kisha Kitonga akamfungia njugu kwa karatasi ya gazeti akampa.

Jioni hiyo alikuja Makongeni akiwa na faili kwapani, akaiweka mbele ya Mama. Mama hakuifungua. Aliijua. "Mimi nilimwambia akupigie simu, akugombeze, yaishe," alisema. "Akakataa. Akaniambia, 'Wanja, usimwambie kitu. Atakuja aniambie mwenyewe.' Jumapili ile alinunua njugu, akamwomba Kitonga azifunge kwa ukurasa ule aliokuwa nao. Alitaka kukurahisishia."

Mirriam akauliza ulikuwa unaenda wapi Alhamisi. Mama alitazama msumari wenye kofia. "Kwangu alisema anaunyoosha mguu. Lakini daftari alikuwa amelitia mfukoni, mimi nikalirudisha kibandani siku tulipokwenda kukifunga."

Kiatu ulichokuwa ukifunga, Baba, kilikuwa cha kwenda kumtafutia kitabu mtoto wa ishirini.

Daktari alisema presha yako ilikuwa ya miaka mingi, kwamba ingeweza kukuchukua ukiwa umelala. Tumemwambia Mirriam hivyo. Anaitikia, halafu anaanza kuhesabu: Makongeni hadi Gikomba, Gikomba hadi Jericho, mara ngapi, kwenye jua gani. Hatuwezi kumzuia kuhesabu, na tukisema kweli, usiku mwingine nasi tunahesabu.

Alichofanya ni hiki. Alilichukua daftari lako akaanza na jina la ishirini. Watoto wengi walikuwa wameshatoka kwenye darasa lake, wengine wako shule nyingine, wawili wamehamia Dandora. Aliwafuata mmoja mmoja nyumbani kwao. Mlangoni alimwambia kila mzazi kabla hata ya kukaribishwa: nilitupa kitabu cha mtoto wako na nikasema nimekitunza. Wako waliocheka wakasema ni kitabu tu. Mama mmoja alimfungia mlango. Yule mzazi aliyesimama mkutanoni kulalamika habari za kuku alikaa chini akasema, "Mwalimu, kumbe tulikusukuma." Mirriam akamwambia hapana, alisukumwa na woga wake mwenyewe. Huyo mzazi sasa ndiye anayempeleka Gikomba asubuhi za Jumamosi.

Pale palipokosekana kitabu chako chenyewe, alimwekea mtoto vitatu vingine mapajani na kujaribu kufunga mdomo. Hajui kufunga mdomo, Baba, hilo amelirithi kwa Mama. Kule Dandora, mtoto mmoja alimwambia, "Mwalimu, unanisumbua," akamgeuzia mgongo na kitabu chake. Mirriam akatoka akasimama nje mlangoni. Aliporudi alikuta mtoto amerudia ukurasa wa mama anayesuka nywele. Akauandika.

Wiki iliyopita alikuwa amewamaliza ishirini na mmoja. Akabaki na yule uliyemwachia.

Kitabu cha mbuzi hakikupatikana. Alikitafuta Gikomba, Muthurwa, hata kwa wanaookota kule jaani. Basi akazichukua zile kurasa za faili, nane kati ya kumi na mbili, akazishona kwa uzi na sindano kwenye meza hii, akavika jalada la karatasi ngumu. Kitabu kibaya. Kina mafuta, kimepinda, na paa linafika kabla mbuzi hajapanda. Jumamosi tuliibeba kreti ya soda tukaileta nyumbani. Mirriam akampangusa Kate mikono kwa kitambaa chako, akamwekea kile kitabu mapajani, akakaa chini sakafuni, akafunga mdomo.

Kate alimtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa. Akangoja. Akamtazama Mama, akamtazama Jacklyne, wote midomo imefungwa. Ilichukua muda mrefu mpaka tukaogopa. Halafu akainama akaanza kufungua. Alipita ukurasa wa ngazi, akapita wa kamba. Akapita wa mbuzi juu ya paa, akaenda mbele, mkono ukasita. Akarudi.

"Mama, hii duara ni ya nini?"

Ni rahisi sana kumwambia mtoto wa miaka sita kwamba ni jua. Tuliokuwa chumbani sote tulijua hivyo, na tukamtazama Mirriam.

"Hapo ndipo niliweka kikombe cha chai," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilitupa vitabu vya Guka. Nilitupa na chako. Sikutaka aone."

Kate aliutazama tena ukurasa. "Lakini Guka aliona?"

"Aliona."

"Alikuchapa?"

"Hapana. Aliniambia ninywe chai."

Kate akaweka kidole kwenye duara, akalizungusha hadi mwisho. Akageuza ukurasa, akarudi tena palepale. Halafu, polepole, bila kumtazama mtu mdomo, akasoma yale maneno manne yaliyo chini ya picha: Mbuzi anaogopa kushuka chini. Akainua uso akauliza nani amekula shati.

Mirriam aliandika ndani ya jalada: Kate, ukurasa wa kikombe. Kwenye daftari lako, baada ya maneno yako, akaandika: kimepatikana. Jacklyne akamwambia aandike na pole hapo chini. Mirriam akakataa, akasema daftari hilo ni la watoto.

Kibanda hakitapangishwa. Kitafunguliwa kila Jumamosi, na Mirriam ndiye atakayekaa humo. Unayesoma hapa mlangoni, ukitaka kitabu njoo na mtoto, na ukifika unajua la kufanya na mdomo wako.

Wanaokukumbuka leo ni mke wako Wanja, anayekupikia chai mpaka sasa kisha akainywa yeye. Watoto wako Jacklyne, Mugo na Mirriam. Mjukuu wako Kate. Jirani zako Falis na Nimco, na Kitonga, aliyekataa jina lake liachwe nje. Hutatoka mioyoni mwetu, Baba, siku zote za maisha yetu.

Hapa Jacklyne ameiweka kalamu mbele ya Mirriam na safari hii hajairudisha. Mstari huu wa mwisho ni wa mkono wake:

Baba, havikuwa stoo. Na Jumapili ile nilikuona ukinitazama.